Farasi Mmoja, Hukumu Mbili

Sagyn Doolotov anagonga mlango wa kaburi, kisha anasubiri.

Kaburi lenyewe ni chumba cha udongo chenye kuba. Ni la zamani. Hakuna anayekumbuka nani amezikwa humo. Mtu anaweza kujinyoosha ndani, basi. Theluji imefika kizingitini.

"Kemel. Chai inapoa."

Sauti kavu inatoka ndani: "Naruhusiwa kutoka?"

"Nani akuruhusu, mdogo wangu? Hapa wote wamelala."

Mlango hauna komeo, lakini Kemel haufungui. Sagyn anausukuma mwenyewe. Mdogo wake anatoka, mikono nyuma, anasimama ameuelekea ukuta.

Sagyn, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, ndiye mtunza makaburi wa kijiji hiki cha milimani, mkoani Naryn. Anachimba, anaziba nyufa, anafukuza ng'ombe, kwa mshahara wa som elfu kumi na mbili kwa mwezi. Kazi hii hakuiomba. Alihukumiwa, na hukumu ilipoisha akabaki.

Ilikuwa miaka kumi na mitano iliyopita, yeye na Kemel walipoiba farasi wa jirani yao, Bibi Burul. Sagyn alikamatwa palepale, na hakimu akampa mwaka mmoja wa kusafisha makaburi, jioni akirudi kulala kwake. Kemel alikimbilia mjini, akashikwa huko. Hakimu mwingine akampa miaka minne gerezani. Farasi ni yule yule.

"Mwaka mzima nilifagia kaburi la mume wa Bibi Burul, bibi mwenyewe amenisimamia," anasema Sagyn. "Ningeiba tena, ningemtazama vipi?"

"Na ulikuwa unafagia ovyo!" anadakia Bibi Burul, aliyeleta maziwa. "Marehemu alikuwa anapiga chafya."

Sagyn anacheka. Kemel hacheki.

Alipotoka gerezani mara ya kwanza, Kemel alikaa nyumbani msimu mzima wa baridi bila kufungua mlango hata mmoja kwa mkono wake. Theluji ilipoyeyuka akaiba ndama mchana kweupe, akamfunga mbele ya kituo cha polisi, akaketi kuwasubiri askari.

"Hakuwa na njaa," anasema Sagyn kwa sauti ya chini. "Alikuwa anarudi kwao."

Mwezi huu ametoka tena. Baada ya usiku wa kwanza kitanda kilikutwa kitupu. Nyayo kwenye theluji zilikwenda makaburini moja kwa moja, kama za mtu aliyeitwa.

"Humo napata usingizi," anasema Kemel, macho chini. "Asubuhi wanaita majina. Naitikia."

"Akina nani wanaita?"

"Kwani wewe husikii, kaka?"

Sagyn anainua viganja, anaomba dua, anajipangusa uso.

Majirani wanataka mlango ule uzibwe kwa matofali. Sagyn amekataa. "Nikimzibia huku, atatafuta ndama mwingine." Badala yake, amemwomba Bibi Burul ampe Kemel hukumu ile aliyopewa yeye zamani, ya kusafisha makaburi.

Bibi amelifikiria jambo hilo siku kadhaa. Leo anaweka chini ndoo ya maziwa.

"Kemel!"

"Nipo!" Amekakamaa kama mti.

"Ni mimi ninayekuita, niangalie. Mwaka mmoja. Na ufagie vizuri kuliko huyu."

Kemel anainua macho, taratibu, mpaka usoni kwa bibi.

Sagyn anaegemeza ufagio kwenye mlango wa kaburi. Kesho hatagonga, anasema. Atakaa hapo nje na birika, amsubiri atoke mwenyewe.

"Na asipotoka?" anauliza Bibi Burul.

"Nitaipasha chai moto."