Mkanda Uliosimama Bila Sababu

Meneja wa kiwanda cha maembe alinipigia simu nikiwa mjini Kabati, nafunga upya mota ya kinu cha posho. Akauliza kama ninaweza kubadilisha programu ya mtambo iliyoandikwa na mtu mwingine. Nikamwambia naweza, mradi kuwe na maelezo. Akasema maelezo hakuna. Nikamwambia basi naweza, ila polepole.

"Polepole siwezi," akasema. "Maembe hayangoji."

Nikavuka kwenda Makueni. Nilimkuta meneja ni mama mmoja, mwalimu mstaafu, na kila mtu pale bado alimwita mwalimu. Msimu huo yeye mwenyewe alikuwa amezunguka shamba kwa shamba akiwaomba majirani wasiwauzie mabroka, wale madalali wenye pikapu, maembe yakiwa bado mtini, wayalete kwenye kiwanda cha ushirika. Walimsikiliza. Kisha maembe yakaiva yote kwa pamoja, kreti zikarundikana chini ya mabati karibu na lango, na mtambo ukawa unameza kidogo kuliko yaliyoletwa. Majirani wengine alikuwa amewaambia wangoje nyumbani.

"Yakiniozea hapa," aliniambia, "Jumapili nitakaa na nani kanisani?"

Mtambo wenyewe ungeweza kuuelewa kwa macho. Maembe yanaoshwa ndani ya birika refu lenye brashi, yanapanda kwenye mkanda, akina mama waliosimama pande mbili za mkanda wanatoa yaliyooza, na mazuri yanaingia kwenye mashine ya kukamua rojo. Vyote hivyo viliongozwa na kisanduku cha kijivu ukutani, kile ambacho sisi mafundi hukiita PLC. Programu yake huandikwa kama ngazi, na kila kidato ni amri: hiki kikitokea, washa kile. Aliyeiandika alikuwa amehamia ng'ambo na namba yake haikupatikana tena. Nilipoivuta kwenye laptopu yangu sikuona neno hata moja. Hapakuandikwa mkanda wala pampu. Palikuwa na namba tu, kidato baada ya kidato.

Kazi hii sikufundishwa darasani. Niliipata kwa kusoma vitabu vya mashine ambavyo wengine walivitupa, na kwa kufungua vitu vilivyokwisha kufa. Mtu aliyejifunza hivyo huwa na utaratibu anaoushika sana. Kwanza naweka nakala ya programu kama nilivyoikuta. Halafu sigusi kidato mpaka nijue kinafanya nini. Akina mama walipoenda kunywa chai, nilimwomba fundi umeme wa kiwanda asimame kwenye birika, mimi nikakaa kwenye kisanduku nikiwasha kitu kimoja kimoja, naye akinitajia kilichosogea.

"Pampu."

"Na sasa?"

"Brashi."

"Na hiki?"

"Hakuna."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama mpaka embe moja limenikonyeza. Hakuna kitu."

Ninaipenda sana kazi ya namna hiyo. Namba inageuka kuwa pampu, nyingine inakuwa taa, na taratibu unaanza kumjua mtu ambaye hujapata kumwona. Huyu alikuwa mwangalifu. Hakuwasha brashi kabla ya kuhakikisha kuna maji. Hakuacha mkanda usukume maembe kwenye mashine iliyozimwa. Nilikuwa nikitabasamu peke yangu mbele ya ile laptopu.

Ndipo nikafika kwenye kidato ambacho hakikufanana naye. Mkanda ukishatembea kwa muda, mtambo mzima ulisimama, birika pamoja na brashi, kisha baada ya kitambo ukaanza tena. Nilitafuta sababu. Labda mota zilipumzishwa zisichemke, lakini nilizishika mtambo uliposimama na zilikuwa za vuguvugu tu. Labda tangi la maji lilingojwa lijae, lakini lilikuwa limejaa. Fundi umeme akasema mtambo umekuwa hivyo tangu aajiriwe, naye alidhani ndivyo mitambo ilivyo.

Nikamwonyesha mwalimu. Akatazama kidato kile kama kazi ya mwanafunzi mzembe. "Kumbe hapa ndipo muda wangu unapopotelea," akasema. "Toa."

Nikatoa. Mkanda ukatembea bila kusimama, kreti zikaanza kupungua, na mwalimu akasahau kunywa chai yake. Kisha rojo likaanza kutoka na madoa meusi. Maembe yaliyooza yalikuwa yamepita. Ikabidi tuzime kila kitu, tumwage na kuosha mashine, na huko langoni jua lilikuwa likiendelea na kazi yake.

Tulipowasha tena sikukaa kwenye kisanduku. Nilisimama kando ya mkanda, mahali ambapo sikuwa nimesimama tangu nije. Akina mama walikuwa wakiimba, mmoja anaanzisha, wengine wanapokea, na mikono yao ikienda vizuri kabisa. Wimbo ulipokwisha, wote wakaondoka mahali pao. Wa upande wa dirisha wakazunguka kwenda upande wa ukuta, wa ukuta wakaja dirishani, na maembe yakapita katikati bila mtu.

"Mbona mnauacha mkanda?" nikamuuliza mama aliyekuwa akianzisha nyimbo.

"Hatujauacha, fundi. Ni wewe umeufundisha kukimbia. Zamani ulikuwa unatungoja."

Akanionyesha. Maembe yalitoka kwenye birika yakilalia upande wa dirisha, na waliosimama huko walifanya kazi karibu mara mbili ya wenzao. "Sisi huku tunafanya kama mwethya," akasema. Mwethya kwetu ni kazi ya pamoja, ya kulima au kujenga, na ndani yake hakuna anayeachiwa upande mzito siku nzima. Wimbo ukiisha, mnabadilishana.

"Si mngebadilishana wawili wawili, wimbo ukiwa katikati?"

"Wewe huhama kiti pasta akiwa katikati ya maombi?"

Nikasema naweza kuweka bati la kuyatawanya maembe, yaje sawa pande zote.

"Weka," akasema. "Halafu tusimame hapa mpaka jioni kama nguzo za stima." Wenzake wakacheka, nami nikacheka.

Kwa hiyo yule mwandishi wa ng'ambo alisimama pale pale kando ya mkanda, akasikiliza, akauwekea wimbo nafasi ndani ya mtambo. Ila hakuandika kwa nini. Nilitamani kumpigia simu nimwambie nimemwelewa.

Nikarudisha nakala, nikakifanyia kidato kile marekebisho mawili. Mkanda peke yake ndio usimame, birika liendelee kuosha na kukusanya mzigo. Na usisimame kwa saa bali kwa kitufe, nilichokifunga mbele ya yule mama wa nyimbo. Kando ya kidato nikaandika maelezo, ya kwanza katika programu nzima: "Hapa akina mama hubadilishana pande. Usiondoe."

Mama akakibonyeza wimbo ulipokwisha. Mkanda ukatii. Wakazunguka, na kabla wa mwisho hajasimama vizuri akabonyeza tena.

"Upesi hivyo?" nikauliza.

"Aliyeweka ile saa alidhani sote ni wazee," akasema, akaanzisha wimbo mwingine.

Rojo lilitoka safi, la rangi ya kiini cha yai. Alasiri ile sakafu ya saruji ilianza kuonekana chini ya mabati. Mwalimu alisimama pale akiitazama, kisha akatoa simu na kuanza kuwapigia wale aliowaambia wangoje.

"Yako bado mazuri?" akamuuliza wa kwanza. "Basi leta. Leta yote. Huyo broka amekuja na pikapu? Mpe maji ya kunywa, mwambie arudi na pikapu yake tupu."

Akakata, akatafuta namba ya jirani mwingine.