Samaki Aliyebeba Wanawe Mdomoni

Mwezi uliopita nilirudi Ujiji na binti yangu. Harufu ya dagaa walioanikwa ilitupokea kabla hatujayaona maji. Tukawa tunatembea polepole kando ya ziwa, viatu mkononi, akaniuliza, "Mama, hivi samaki nao wana mama yao?" Nikacheka, maana swali hilo mimi nilijibiwa na ziwa lenyewe.

Tulikuwa darasa la tano, pale Kasingirima, hapo hapo Ujiji. Mwalimu wetu wa sayansi hakuridhika na picha za ubaoni. Jumamosi alitutembeza ufukweni, tumebeba mihogo ya kuchemsha, na sharti lake lilikuwa moja tu: kitazame kwanza, ndipo ukiguse. Ndivyo nilivyomjua ndege mdiria, anavyotulia hewani kabla ya kujitosa majini. Ndivyo nilivyomwona fisi maji akituchungulia nyuma ya mwamba, masharubu yakidondosha maji.

Asubuhi moja, ziwa likiwa limetoka kuchafuka, tulikuta dimbwi lililotengwa na ukingo wa mchanga. Ndani kulikuwa na samaki mmoja, kidevu kimemvimba. Rafiki yangu alishakunja sketi amkamate.

"Subiri," Mwalimu akasema. "Mtazame mdomo."

Tukachuchumaa. Samaki akafunua mdomo, wakatoka watoto wadogo kama punje za ulezi, macho meusi. Kivuli cha mmoja wetu kilipopita, wote wakakimbilia mdomoni, mama yao akaufunga.

"Hali kitu huyu," Mwalimu akasema kwa sauti ya chini. "Akila, atawameza."

Jua lilikuwa linapanda na dimbwi linanywea. Hatukuambiwa la kufanya. Tulianza wenyewe kuchimba mfereji kwa mikono, mchanga ukiporomoka na sisi tukichimba tena. Jirani yetu, mama muuza dagaa, alipita akatucheka. "Yaani kitoweo mnacho, mnakirudisha ziwani?"

"Ana watoto, mama," rafiki yangu akamjibu.

Yule mama akainama, akatazama. Kisha akasema, "Ego," yaani ndiyo kwa Kiha, akatua beseni, akapiga magoti akachimba nasi, khanga yote matope.

Maji ya ziwa yalipoingia, samaki alisita, halafu akateleza kati ya vidole vyetu, akaenda zake. Tulishangilia mpaka wanawake waliokuwa wakifua kwenye mawe wakaacha nguo zao kututazama. Wiki nzima tulipita sokoni Mwanga tukiringa, utadhani Ziwa Tanganyika tumelichimba sisi.

Mwalimu ametangulia mbele za haki. Ufukwe ule nao haupo. Ziwa limepanda, limefunika mchanga wote na mawe ya kufulia. Nilimwonyesha binti yangu mahali penyewe kwa kidole, kule kwenye maji, na kwa kweli hapakuwa na cha kuona. Hata hivyo nilisimama pale kifua mbele, kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba ya kwao.