Soksi ya Bi Saniya

Ildus Mingazov hakuwa shujaa wa kuchorwa ukutani. Alikuwa fundi. Mtatari wa kijiji kimoja nje ya Kazan, huko Urusi, mwenye kipara na masharubu, na miezi sita tuliyokaa pamoja kule kwenye kituo cha angani, juu ya dunia, kazi zake zilikuwa za mwenye nyumba yoyote ya zamani: kubadili vichujio, kutengeneza choo, kupima maji tuliyoyapata kwa kusafisha jasho na mkojo wetu wenyewe. Akimaliza hapo, alikwenda kwenye shayiri ya wanasayansi, iliyooteshwa ndani ya kisanduku chenye taa. Akaisemesha.

"Amkeni, wavivu nyie! Prokhor ameshakunywa chai, nyie bado mmelala."

Prokhor ni mimi.

Hiyo ilikuwa safari yake ya tatu na ya mwisho, kwani alikuwa na miaka hamsini na mbili. Na katika mbili za kwanza hakuwahi kutoka nje ya kituo hata mara moja. Ya kwanza vazi la angani liliharibika, ya pili ratiba ikageuzwa. Sasa jina lake lilikuwa limeandikwa: yeye na kamanda wetu, Zoya Arkadyevna, watoke wakafunge mtambo mpya. Mama yake, Bi Saniya, hakumpa nafasi ya kusahau. Kila Jumapili tulipounganishwa simu, swali lilikuwa lile lile.

"Umeshatoka nje?"

"Bado, mama. Mwezi ujao."

"Ala! Safari yote hiyo, halafu unajifungia ndani kama mwari!"

Tulicheka mpaka machozi yakatuganda machoni. Ildus alimwahidi kwamba siku akitoka, kituo kikipita juu ya kijiji chao, atampungia mkono. Bi Saniya akasema atakuwa uani na kitambaa cheupe.

Huyo mama ndiye aliyetufumia soksi za sufu, kila mtu jozi yake. Kule hakuna viatu. Unajishikiza kwa miguu kwenye vyuma vya ukutani kutwa nzima, na ngozi inachubuka.

Sasa niseme nilichofanya. Kijichumba changu cha kulala na cha Ildus vilipakana, vikipata hewa kwa bomba moja lenye feni. Feni ile, jamani, ilivuma kama mbu aliyeingia sikioni! Kila asubuhi nililalamika kwamba sikulala, na siku ya arobaini uvumilivu ukanishinda. Nikafungua kifuniko, nikachomeka soksi moja ndani ya bomba, nikalala kama gogo. Mimi nililala mlango wazi, hewa ya ukumbini ikanifikia. Ildus aliufunga wake kila siku, tena barabara. Nikamwona mtu wa maringo.

"Soksi ya pili iko wapi?" aliniuliza asubuhi.

"Imepotea."

"Hapa hakipotei kitu, we Prokhor. Itanasa kwenye wavu wa feni, tutaikuta."

Baada ya wiki moja kichwa kikaanza kumuuma. Kule juu pumzi yako haipandi wala haishuki. Feni isipoisukuma inabaki usoni pako, na unavuta tena ile ile uliyoitoa. Ildus aliamka amevimba macho, akasahau namba, akaifuta kimakosa taarifa nzima ya shayiri. Madaktari wa ardhini walimpima damu, wakampima moyo. Hewa tuliipima ukumbini, ikawa safi. Mwisho sauti ya ardhini ikasema: Mingazov hatatoka, atatoka Prokhor Savelyevich.

"Nimeelewa," alijibu Ildus, akaenda kumwagilia shayiri.

Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya usafi. Nilipofika na kifyonza vumbi kwenye kifuniko kile, ndipo nikakumbuka. Nilikuwa nimeisahau soksi. Mkipenda niaminini, msipopenda basi. Niliichomoa nikaizika kwenye mfuko wa takataka, na siku ya pili yake Ildus aliamka anaimba.

"Nimepona!" aliwaambia madaktari. "Nipimeni tena, nawaomba."

"Laiti tungejua chanzo, Ildus Faritovich," daktari akamjibu. "Bila kujua chanzo hatuwezi kukuhatarisha."

Mimi nilikuwa naelea nyuma ya mgongo wake. Neno moja tu. Ningelisema, angetoka, na mimi nisingeruka angani tena maisha yangu yote. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Nikanyamaza. Ni woga, msitafute jina jingine.

Yeye ndiye aliyenivalisha lile vazi. Alikagua kila kiungo, akagonga kioo cha kofia yangu.

"Hewa inakuja vizuri?"

"Inakuja."

Akauliza mara tatu, maskini. Kisha akasema, "Tukifika kwetu, mpungie mama. Mwambie ni kwa niaba yangu."

Nilipunga. Nilipunga huku nalia, na machozi kule hayadondoki, yanakaa tu jichoni yakichoma.

Tumerudi mwaka wa pili sasa. Ildus anafundisha vijana kuvaa mavazi ya angani. Wiki iliyopita nimepokea kifurushi kutoka kijijini kwao, na ndani yake soksi ya sufu, moja. Bi Saniya ameandika: "Mwanangu Prokhor, ahsante kwa kunipungia. Ildus kaniambia soksi yako moja ilikupotea huko juu. Nimekufumia nyingine."

Roho ilinisuta hadi nikashindwa kula. Nikapiga moyo konde, nikampigia Ildus simu, nikamwambia yote, tangu feni hadi mfuko wa takataka.

"Kwa hiyo ilikuwa feni," akasema. "Mimi nilidhani ni kukoroma kwangu kunakokukosesha usingizi. Ndiyo maana nilikuwa nafunga mlango."

Nikasema nitakwenda kwa wakubwa, nitakwenda hata kijijini, nimpigie magoti mama yake.

"Kwa wakubwa nenda," akasema. "Mama usimwambie. Anakuombea dua kila asubuhi, na ana miaka themanini na nne. Usimharibie."

Akakata simu.