Pilipili ya Muheza Mezani Kenton

Niliondoka Muheza kwa sababu moja: wakulima wa pilipili manga wa milima ya Amani walihitaji mnunuzi wa uhakika kabla ya mavuno. Mkulima asiye na mnunuzi huogopa wezi watamwibia kabla hajapata wa kumwuzia, na mkulima anayeogopa wezi huchuma pilipili ikiwa bado mbichi, akamwuzia yeyote aliyefika na gari. Mimi ni mwalimu wa sekondari na katibu wa chama chao. Msafara wa pamoja wa wafanyabiashara wa Tanzania na Kenya ulipotangazwa, wa kwenda London kutafuta soko na kukuza biashara baina ya nchi hizi mbili jirani, chama kilinichagua mimi. Bibi Mwanaidi, ambaye shamba lake liko juu kabisa mlimani, alinipa kopo la pilipili yake akasema, "Mwalimu, usirudi na maneno matupu. Maneno tunayo."

Nairobi ndipo msafara ulipokusanyika, na ndipo donge la wivu liliponianza. Wenzetu wa Kenya walikuwa wamevaa fulana za rangi moja na kushika mifuko iliyochapwa vizuri, nao walicheka kwa sauti ya watu waliokwisha kupita njia ile mara nyingi. Sisi wa Tanzania tulivaa suti, tukasimama kando kama wazazi waliofika shuleni kusikiliza matokeo. Katika ndege nilipangiwa kiti jirani na Bi Mwikali, mfanyabiashara wa viungo kutoka Mombasa, mama mnene mchangamfu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Nilijitambulisha kwamba ni mwalimu wa Muheza, nikamwuliza anauza nini.

"Pilipili manga."

"Mnailima wapi huko kwenu?"

"Wacha nikuambie ukweli, Mwalimu. Mimi silimi. Nanunua kwenu Muheza, naipeleka Mombasa, naianika juu ya turubai, nachambua iliyoiva, naipakia. Kwani hujawahi kuona lori langu?"

Aliyasema hayo bila haya yoyote, kisha akafungua pakiti ya karanga na kunikaribisha. Nilikataa. Nimesoma vitabu vingi juu ya husuda, na wanafunzi wangu nimewafundisha kwamba mwenye husuda huumizwa na kicheko cha mwenzake kuliko na kilio chake mwenyewe. Usiku ule, juu ya mawingu, mafunzo yangu hayakunifaa kitu. Nilisikiliza jinsi alivyokuwa akitafuna karanga, nikawa kama ninayesikia mali yetu ikitafunwa.

Tulifikia Barking, mashariki mwa jiji, katika hoteli ndogo juu ya duka la simu. Asubuhi mtaa ulijaa watu wa kwetu: wauguzi waliotoka zamu ya usiku, akina mama wa Kikongo wakichagua ndizi za kupika, kijana aliyezungumza na mama yake kwa simu, mama akisema kwa Kiswahili cha Dodoma na yeye akijibu kwa Kiingereza kitupu. Bi Mwikali alikuwa amekwisha kuzoeana na nusu ya mtaa kabla sijamaliza chai. Mwenye duka la ndizi alimwita dada. Mimi aliniita "bosi", neno ambalo humwita kila mtu asiyemjua.

Siku ya tatu tulikwenda Kenton, kaskazini-magharibi mwa jiji, kukutana na mnunuzi. Tulipanda treni, tukabadilisha Baker Street, na njia nzima nilishika kopo la Bibi Mwanaidi mapajani. Mnunuzi mwenyewe alikuwa Mzee Jamnadas, Mhindi aliyezaliwa Tanga, mwenye duka la viungo linalouzia maduka mengine mengi. Alitupokea mlangoni kwa Kiswahili safi cha Tanga.

"Karibuni, karibuni! Nani wa Muheza? Njoo nikushike mkono. Mimi mtoto wa Barabara ya Nane, bwana, usinione mzee hivi."

Moyo wangu ulitulia. Nilijiambia kwamba huyu ni wetu, na Bi Mwikali safari hii atakaa pembeni. Ila nilipomtazama Mzee Jamnadas akiwakaribisha wengine, nilimsikia akimwambia Bi Mwikali kwamba mchuzi wa Mombasa haukuwa na mfano, na donge likarudi mahali pake.

Mkutano ulifanyika ghalani, nyuma ya duka, kati ya magunia ya mchele. Walikuwapo maofisa wa balozi zote mbili, diwani wa mtaa, na viongozi wa msafara. Hina, binti wa Mzee Jamnadas, alizaliwa hapo hapo London. Kiswahili anakielewa ila hujibu kwa Kiingereza. Alitueleza kwamba atachukua pilipili kwa msambazaji mmoja tu kwa mwaka mzima, kwamba kila mmoja ana dakika saba, na kwamba lori la mzigo linasubiri nje. Aliweka simu yake mezani ihesabu muda. Mimi nikapewa nafasi ya kwanza.

Nilisimama, nikafunga kifungo cha koti. Nilimtambua mwakilishi wa balozi wetu, kisha wa balozi wa jirani zetu, kisha diwani, kiongozi wa msafara na makamu wake, na Mzee Jamnadas mwenyeji wetu. Niliomba radhi kwa yeyote niliyemsahau, nikasema itifaki imezingatiwa. Nilifikisha salamu za mkuu wa wilaya, za mwenyekiti wa chama, za wazee wa Amani. Maofisa wa ubalozi wetu walitikisa vichwa kwa kuridhika, maana hivi ndivyo mtu aliyelelewa vizuri anavyoanza. Nikaingia katika historia ya zao la pilipili tangu enzi za mashamba ya Wajerumani. Nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye uhuru, simu ya Hina ikalia.

Kopo la Bibi Mwanaidi lilikuwa bado limefungwa.

Bi Mwikali alisimama. "Hamjambo nyote?" akasema. Alimimina pilipili kiganjani, akazunguka nayo kutoka pua hadi pua kama mama anayewaonjesha watoto mchuzi. "Nuseni."

Akafika kwangu pia. Nilinusa. Ilikuwa pilipili ya Amani, ya upande wa juu wenye ukungu; ningeitambua hata usingizini. Ilikuwa nyeusi, kavu, punje zote za ukubwa mmoja. Sijapata kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea mwanamke yule, akiwa amesimama mbele yangu na mlima wetu kiganjani mwake.

Hina ni mtu wa haki. Alinifungulia kopo mwenyewe, akamimina sahanini kando ya ile ya Bi Mwikali. Yetu ilikuwa na vijiti, na punje zilizosinyaa kwa sababu zilichumwa mapema na kuanikwa chini. Alisema kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba harufu ni ile ile ila hana watu wa kuichambua. Mkataba akampa Bi Mwikali.

Mzee Jamnadas alinishika bega. "Mwalimu, salamu zako zimenirudisha nyumbani kabisa. Ningekusikiliza mpaka magharibi. Lakini dukani bosi ni huyu," akamwonyesha binti yake kwa kidevu.

Baadaye, katika hoteli ya chai karibu na stesheni, Bi Mwikali aliniagizia chai ya maziwa na bajia. Safari hii sikukataa, ila sikuonja.

"Mbona umenuna?" akauliza.

"Kuanzia msimu ujao," nikamwambia, "Muheza hupati hata punje moja. Mimi ndiye katibu. Nikisema hapana, ni hapana."

Aliiweka bajia yake chini. "Sawa. Mimi nitanunua kwingine, ni shida lakini nitapata. Wewe utampelekea nani?"

Nilikoroga chai yangu.

"Ulikuja kutafuta mnunuzi wa uhakika, si ndiyo? Sasa mimi nina mkataba wa mwaka mzima. Nataka pilipili iliyoiva, iliyoanikwa juu ya turubai. Niahidi hiyo, na mimi nitaahidi kuichukua yote. Mnunuzi si ndiye huyu umemnunia?"

"Pakiti imeandikwa Mombasa," nikasema. Hilo ndilo lililokuwa likinichoma.

"Nitaandika Muheza. Ukiniletea isiyo na vijiti, nitaandika hata jina la mkeo."

Nilicheka bila kutaka, kisha nikakasirika kwa kuwa nimecheka.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Hotuba zote za msafara zilisifu ujirani mwema, na hakuna aliyesema kwamba jirani ndiye mtu tunayemwonea wivu kwa urahisi zaidi, kwa kuwa tunaona kila anachoingiza ndani. Ilinibidi niamue kati ya ripoti mbili. Ya kwanza ingesema kwamba tumeonewa, nayo ingepigiwa makofi. Tungelifunga geti mbele ya lori la Bi Mwikali, na Bibi Mwanaidi angechuma pilipili mbichi mwaka mwingine tena. Ya pili ingesema kwamba vijiti vilikuwa vyetu wenyewe.

Muheza, Jumamosi, ukumbi wa chama ulijaa. Mwenyekiti alinikaribisha, na watu wakajiweka sawa vitini kwa kusubiri salamu ndefu. Nilifungua pakiti aliyonipa Bi Mwikali, nikammiminia Bibi Mwanaidi kiganjani.

"Nusa."

Alinusa, akafumba macho. "Ya nani hii? Nzuri kuliko yangu."

"Ni yako," nikasema. "Imeiva, na haikuanikwa chini. Tumepata mnunuzi. Mnalijua lori lake."

Nimejifunza nini? Kwamba mtu anaweza kutenda haki huku bado anaumia. Turubai zimefika, na wazee wamepanga zamu za kulinda mashamba mpaka pilipili iive. Bi Mwikali ameniletea mfano wa pakiti mpya yenye jina la Muheza. Ni nzuri sana. Nimeiweka juu ya meza yangu ya kusomea, na kila ninapoitazama najiuliza kwa nini sikuibuni mimi.