Sekunde Ishirini na Tisa za Papa Cirhuza

Saa mbili na nusu usiku umeme unakatika, na mtaa mzima nyuma ya soko la Nyawera unaguna kwa pamoja. Anayecheka ni mtu mmoja tu. Papa Cirhuza, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, anaikumbatia kamera yake kama mtoto mchanga na kutoka uani.

"Wengine wanalaani courant ikienda," anasema. "Miye naisindikizaka."

Mchana mzee huyu hupiga picha za pasipoti chini ya mwavuli pale sokoni, nne kwa faranga elfu tatu, na kila mteja humwambia asicheke. Usiku hupiga nyota, ambazo hazina haja ya kuambiwa.

Lakini kwa wiki sita mvua haikumwonyesha hata moja. Ukungu ulipanda kutoka ziwani ukalala juu ya mabati, nao wateja wakalala kwao. Leo anga imefunguka, na ni leo au basi. Upande wa kusini wa ua, jirani yake Léopold anajenga ghorofa. Sakafu ya juu imekwisha kumwagwa, na fundi Luc amesema ukuta unapanda Jumatatu. Leo ni Jumamosi.

Sebuleni kwake kuna picha kumi na moja zilizobandikwa ukutani, moja ikigusa nyingine. Ni anga yote inayoonekana kutoka ua huu, vipande kumi na viwili, kazi aliyoianza na mkewe Adolphine. Kipande kinachokosekana ni cha kusini, chenye nyota nne zilizokaa kama msalaba.

"Adolphine alisema ule tuuache mwisho," anaeleza. "Alisema, 'Ule haukimbiake.' Kweli, haukukimbia. Yeye njo alienda."

Ni mwaka mmoja na miezi mitatu sasa tangu azikwe.

Saa ya ndani ya kamera iliharibika zamani. Ili picha ya nyota itoke, lazima abonyeze waya wa kufyatulia picha na kuushikilia, huku mtu akihesabu sekunde kwa sauti, kwa Kifaransa, mpaka trente, yaani thelathini. Kuhesabu kulikuwa kazi ya Adolphine, akiwa kwenye kigoda cha pili. Kigoda hicho bado kinatolewa nje kila mara, ingawa siku hizi kinakaliwa na umande.

Picha ya kwanza inatoka nyeupe tupu. Unyevu umefunika kioo. Papa Cirhuza anaingia jikoni, anapasha mchanga juu ya mbabula yenye makaa, anaumimina ndani ya soksi na kuifunga kwenye shingo ya kamera ili kioo kipate joto. Soksi yenyewe ina maua.

"Alikuwa anasikiaka baridi ya miguu," anasema kwa sauti ndogo, kama anayemsengenya mtu aliye chumba cha pili.

Picha ya pili inaharibiwa na tochi. Ni Maman Bintu, jirani mjane, anayechungulia juu ya uzio.

"Papa Cirhuza, ni weye? Nilizani mwizi."

"Mwizi ingekuwa afazali, maman. Mwizi hamulikake. Zima toshi."

"Na baridi hii, uko unangojea nani inje?"

"Zima kwanza."

Maman Bintu anazima, lakini haondoki. Papa Cirhuza anabonyeza waya na kuanza kuhesabu mwenyewe, polepole, uso juu.

"Quatorze, quinze, seize, dix-huit..."

Anapofika trente anauachia, na wakati huohuo umeme unarudi. Mtaa mzima unashangilia. Yeye ameinama juu ya kioo kidogo cha kamera. Nyota zote nne zipo, juu kidogo ya vyuma vya Léopold.

"Papa," anasema Maman Bintu, "umeruka dix-sept. Kumi na saba iko wapi?"

"Najua."

"Sasa uliiruka juu ya nini?"

"Adolphine alikuwa anairukaka. Tangu masomo kule Katana, mwalimu alimupiga mpaka mwalimu mwenyewe akachoka. Zile picha kumi na moja zote ni za sekunde vingt-neuf, hazifikake trente. Hii ningeitimiza, ingeangaza kupita wenzake."

Maman Bintu anakitazama kile kigoda cha pili chenye umande.

Ukuta ukipanda, ua huu hautakuwa tena na kusini. Kwa hiyo kiangazi kikikaza, Papa Cirhuza atakwenda Nyantende, ambako shemeji zake wamempa kona ya shamba, aanze upya kipande cha kwanza. Huko, anasema, ghorofa bado ni ya mahindi. Maman Bintu ameomba kwenda naye, ahesabu.

"Ni maman muzuri," anasema, akifuta kigoda cha pili kwa mkono wa shati. "Shida yake, anahesabuka zote."

Anakiinua, anakipeleka ndani, kisha anarudi kuchukua chake.

"Lakini atazoea."