Baba Yetu Mara Tatu

Dizeli isiyoungua vizuri hutoa moshi mweupe unaowasha macho, na kila asubuhi ya baridi harufu yake hunirudisha kwenye siku aliyoondoka mama yangu. Najua si maneno ya kutarajiwa kwa mtu mwenye karakana mbili hapa Mbeya, lakini leo nimeamua kuwaambia.

Kwanza mnifahamu. Mimi ni binti wa dereva wa Igowole. Nilisoma ng'ambo miaka minne, kwenye theluji, nikarudi na diploma ya ufundi wa magari ambayo nimeitia fremu na kuitundika mahali ambapo hakuna mteja asiyeiona. Hakuna aliyeninunulia hata sabuni. Wanaume walionicheka niliporudi siku hizi hupiga hodi na magari yao yakivutwa kwa kamba, nami huwakaribisha ndani kwanza, ili waitazame vizuri ile fremu.

Miaka ile ya hamsini baba aliendesha pikapu ya dizeli ya mfanyabiashara mmoja wa Iringa, Mwislamu mwenye asili ya pwani, aliyemruhusu kulala nayo kijijini ili akusanye viazi na maharage mapema. Injini ya dizeli ya wakati ule haikuwaka hivi hivi kwenye baridi yetu. Kila silinda ilikuwa na plagi ndogo ya kuipasha moto. Dereva alishikilia swichi, plagi zikapata joto, na kwenye dashibodi kijicho cha waya kikageuka chekundu kama kaa la jikoni. Hapo ndipo alipopiga stata.

Baba hakuwa na saa. Alipima muda kwa Baba Yetu mara tatu, kwa sauti, mkono kwenye swichi na macho ameyafumba, kwa sababu kwetu Walutheri hakuna aliyesali macho wazi. Wote waliokuwamo garini walifumba pia. Isipokuwa mimi. Nilikipenda mno kile kijicho: kilianza na rangi ya kutu, kikaiva taratibu, na kufikia Amina ya tatu kilikuwa kinang'aa. Nilikuwa na miaka minane na nilijua kabisa kwamba natenda dhambi. Bibi, mama yake baba, alikuwa ametuambia wajukuu kwamba mtoto anayechungulia wakati wa sala, Mungu humwona yeye kabla ya wengine wote.

Baba alikuwa na desturi nyingine. Aliegesha gari juu ya mteremko wa kanisa, uso ukitazama chini, ili likigoma lisukumwe. Lakini jioni moja ya Julai uchungu ulimshika mama, naye akalileta mpaka mlangoni, kwenye uwanja tambarare, chini ya waya wa kuanikia nguo. Hakutaka mama atembee kwenye baridi. Bibi, ambaye ndiye aliyekuwa mkunga wa kijiji, alisema tungoje. Alfajiri alitoka nje akifuta mikono.

"Dereva, mpeleke Iringa. Hili limenishinda."

Sakitu ilikuwa imelala nyeupe juu ya majani, na waya wa nguo ulikuwa umeota manyoya ya barafu. Mama aliketishwa mbele, kichwa begani kwa bibi. Mimi nilibanwa miguuni pao, uso wangu ukitazamana na dashibodi. Baba akashika swichi, akaanza kusali.

Sala ya kwanza ikaisha, kijicho cheusi. Ya pili, cheusi. Ya tatu, cheusi vilevile. Stata ikazunguka, moshi mweupe ukatufuata ndani, injini haikushika. Akaanza upya.

"Dereva," bibi akasema, "hilo gari linajua Kiswahili kweli? Au linasubiri Kiarabu cha tajiri wake?"

Mama alicheka kidogo, akakata kicheko katikati na kushika kiti.

"Vumilia, mama Tumaini," baba akamwambia, akimwita kwa jina langu. "Linapata joto."

Halikuwa linapata joto. Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni: baba, kijicho hakijawaka. Lakini kuyasema kulikuwa kukiri mbele ya bibi kwamba tangu gari lile lije sijawahi kufumba macho. Nikanyamaza. Baba alisali na kupiga stata, akasali na kupiga stata, mpaka betri ikaisha na stata ikabaki kugonga tu, kama kuku anayedonoa bati.

Majirani walikuja jua lilipochomoza, wakalisukuma kwenye matope yaliyoganda mpaka kwenye mteremko wa kanisa. "Baba Tumaini, gari lako linapenda usingizi kuliko wewe," mmoja alisema, naye hakujua mama ana hali gani. Likashika. Mama alikata roho kabla hatujafika barabara kuu, mtoto akiwa bado tumboni. Bibi alimwambia baba, lakini hakusimamisha gari. Aliendesha hadi Iringa.

Majira yangu ya kwanza ya theluji, mwalimu alituonyesha kwamba zile plagi za zamani ziliunganishwa kwa mnyororo. Moja ikiungua, zote zinazima, na kijicho nacho kinazima. Kupima ni kazi ya dakika tano: unashikilia swichi, mwenzako anachukua kipande cha waya na kuvusha umeme juu ya plagi moja baada ya nyingine. Akivuka ile iliyokufa, kijicho kinawaka. Unaufunga waya palepale na kuondoka zako. Nilipata alama za juu kuliko wanaume wote darasani, kisha nikaenda kukaa chooni mpaka kengele ikalia.

Baba alizeekea kwangu. Asubuhi moja alikuwa ameketi karakanani, blanketi mabegani, akisikiliza dizeli ya mteja ikigoma.

"Mama," akaniita, kama alivyoniita siku zote, kwa kuwa nina jina la mama yake. "Siku ile ulichungulia?"

"Nilichungulia, baba."

"Kilikuwa cheusi."

"Ulikiona?"

"Tangu sala ya kwanza. Sikujua la kufanya. Na mama yako alikuwa anasikiliza."

Miaka yote ile nilidhani nimebeba siri peke yangu. Kumbe sala zile ndefu hazikuwa za kupima joto tena. Zilikuwa za mwanamke mmoja aliyehitaji kuamini kwamba mumewe bado ana jambo la kufanya.

Baba akaitazama fremu ukutani. "Wewe umesoma. Pale mlangoni, ingewezekana?"

Akilini nikauona ule waya wa nguo, na barafu yake, juu kabisa ya boneti; kipande chake kimoja tu kingetosha.

"Hapana, baba," nikamwambia. "Hata mimi nisingeweza."