Hasira ya Shangazi Nyamizi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo naikumbuka na kuitafakari. Nilikuwa msichana, nakaa Mabatini kwa shangazi yangu Nyamizi, muuza dagaa. Asubuhi ile alikuwa ameanika dagaa wake uani. Jirani yetu, Mama Kulwa, akatoka na beseni la maji ya kufulia, akayamwaga palepale juu yao, akarudi ndani.

Nilijua patachimbika. Usidhani shangazi alikuwa mpole. Sokoni sauti yake ilijulikana. Lakini aliingia chumbani, akafunga mlango. Nikatega sikio. Alikuwa anasali: "Bwana, nimekasirika. Nataka kumtukana huyu mwanamke. Nionyeshe hasira hii inatoka wapi."

Alipotoka nikamuuliza, "Shangazi, umeshamsamehe?"

"Bado. Kwanza nataka kujua."

Akaenda kugonga kwa jirani, mimi nyuma yake.

"Mama Kulwa, umeniharibia dagaa na nimekasirika. Ila kinachoniuma zaidi, siku hizi unanipita kama hunioni, hata kanisani. Nimekukosea nini?"

Mama Kulwa akakaa kizingitini, machozi yakamtoka. "Nilifiwa na dada yangu kule kisiwani, Nansio. Hapa uani walikuja wote kunipa pole, isipokuwa wewe."

"Mungu wangu! Nilikuwa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, namuuguza mama. Niliporudi hakuna aliyeniambia."

"Nami sikukuuliza," Mama Kulwa akasema taratibu. "Nisamehe."

Dagaa hatukuwaokoa, waliliwa na bata. Lakini wiki ileile wale wawili walipanda meli pamoja kwenda Nansio, na shangazi akalia kaburini kama vile msiba ulikuwa wa jana.

Mwanangu, kukasirika si kukosa imani. Hata Yesu alikasirika. Hasira ikikupanda, usijifanye haipo, wala usiikabidhi mdomo wako. Ipeleke kwa Mungu kwanza, umwambie ilivyo bila kuipamba, umwombe akuonyeshe ulipoumia. Kisha mwendee mwenzako ukiwa na swali, maana huenda naye ana kidonda usichokijua. Na hiyo simu yako, ambayo tusi huruka nayo kabla hujavuta pumzi, iweke chini mpaka umalize kusali.

Mungu akupe moyo wa kutaka kujua kabla ya kuhukumu, akulinde na ulimi wako mwenyewe, na nyumba yako isikose jirani wa kukugongea mlango. Amina.